Mfanyakazi anaumwa mwezi wa pili sasa, unamtumaje kwa daktari wa afya kazini?

Mabosi wengi wanaharibu kwa kukaa kimya. Wiki ya kwanza wanampa pole, ya tatu wameshamsahau, mwezi wa tatu ndo wanashtuka wanamwandikia barua kali. Ukiona wiki ya nne inakaribia na hakuna tarehe ya kurudi inayoeleweka, mpigie, ila muulize anaendeleaje na anahitaji nini, sio "unarudi lini".

Halafu mtume kwa daktari wa afya kazini. Huyu hamtibu, wa kumtibu anaye tayari, yeye anaangalia hali ya mtu na kazi anayofanya kama vinaendana. Na sio mpelelezi wa kukuambia kama kweli anaumwa, mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 161 wa 1985 unasema wazi watoa huduma hizi wasitakiwe na mwajiri kuhakiki sababu za mtu kutokuwepo kazini.

Barua unayomtuma nayo ndo kila kitu jamani. Ukiandika "tunaomba umuone, anaumwa mgongo" utajibiwa "nimemuona, anaumwa mgongo", sasa hapo umepata nini? Eleza kazi yenyewe, anasimama masaa mangapi, anabeba kilo ngapi, kuna shifti za usiku, anaendesha mashine au la, kisha uliza: anakadiriwa kurudi lini, asiguse kazi gani kwanza, na je kuna kitu hapahapa kazini kinachomuumiza (hili usiliruke, mara nyingine ugonjwa umetokea kwenu). Mwonyeshe barua kabla hujaituma na akubali, akija kugundua umeandika kwa siri hatakuamini tena.

Ripoti ikija usitafute jina la ugonjwa, hiyo siri yake na daktari, wewe unahitaji mambo kama "asibebe vitu vizito wiki 6". Kaa naye pamoja na msimamizi wake, mpange arudi kidogokidogo, labda nusu siku kwa wiki mbili halafu mnaongeza, na mshahara wa hizo nusu siku mkubaliane mapema kwa maandishi, ugomvi mwingi unaanzia hapo. Wekeni na tarehe ya kukaa tena.

Daktari akisema kazi ile hataiweza tena, mtafutie nyingine hapohapo kwanza, na kabla hujafikiria kumwachisha kasome sheria ya kazi ya nchi yako inasemaje.