Kabla ya kuruka na parachuti, usome upepo kwanza

Ukienda kuruka na parachuti, hasa msimu wa kusi kule Diani, usiridhike na kuambiwa "leo upepo ni kilomita 20 tu". Uliza pia ule wa ghafla unafika ngapi, maana ndio unaovunja watu miguu. Simama dakika kumi hivi ukitazame kifuko cha upepo uwanjani, kile cha kitambaa kinachoning'inizwa mlingotini kuonyesha upepo unavyovuma. Kikitulia upande mmoja, sawa. Kikijaa, kikalegea, mara kikageuka, mimi huvua parachuti mgongoni nikakaa kungoja.

Marekani, chama cha waruka parachuti cha USPA kimewawekea wanafunzi wanaoruka peke yao kikomo cha upepo wa maili 14 kwa saa, kama kilomita 22 na nusu. Kama wewe ni mgeni wa mchezo huu, shika hicho hicho.

Halafu tazama minazi. Upepo ukishapita juu ya miti au jengo huvurugika, na vurugu hiyo yaweza kufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo chake. Mnazi wa mita 20 unakuchafulia hewa mita 200 na zaidi, na parachuti ikikunjika ukiwa umekaribia ardhi, huna tena nafasi ya kuirekebisha.