Plagi ya iridiamu haitaki brashi ya waya

Msimu wa korosho ukipamba moto, pikipiki zinazoingia kwangu hapa Mnazi Mmoja, Lindi, njia panda ya Masasi na Mtwara, huja na kilio kile kile: "Fundi, inakata moto nikipakia gunia mbili, na plagi niliweka ile ya bei." Naifungua, nashika lenzi, nakuta ncha imemeguka. Plagi haikuwa na kosa. Kuna mtu aliisugua kwa brashi ya waya kama anavyosugua plagi za kawaida.

Iridiamu, yaani metali iliyo kwenye ncha ya plagi hizo za bei, ina tabia mbili, na ukizijua hutaiharibu. Ya kwanza, haiogopi moto. Nikeli ya plagi za kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi. Iridiamu mpaka 2,446. Kutu haiipati, na asidi nyingi haziigusi. Ndiyo maana ncha yake inaweza kuchongwa nyembamba mno, nyingine milimita 0.4 tu, isiliwe haraka. Wembamba huo ndio faida yenyewe, kwa sababu umeme huruka kirahisi kwenye kitu chenye ncha kali, koili inayozalisha umeme wa cheche haihangaiki. Tabia ya pili, ni ngumu lakini inakatika kama kauri. Haipindi. Ukiibana, inavunjika.

Basi fanya hivi. Subiri injini ipoe kabisa, maana kichwa ni cha aluminiamu na uzi wake huchanika ukiwa wa moto. Kabla ya kutoa plagi, pulizia upepo kuizunguka. Vumbi jekundu la njia za Ruangwa hujaa pale kwenye shimo, na likidondokea ndani linakula silinda.

Ukishaitoa, iangalie. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa: anza na kichujio cha hewa. Ikiwa imelowa oili, ringi zimekwisha au sili za valvu, na hapo nakusihi usimnunulishe mteja iridiamu. Itachafuka ndani ya wiki kama nyingine yoyote, na hela ya watu imepotea.

Kusafisha: petroli safi kidogo na mswaki laini wa meno kwenye uzi na ukono wa chini (kile kijiti kilichopinda kuelekea ncha), kisha upepo wa kompresa. Ncha ya katikati usiiguse.

Mwanya kati ya ncha na ukono upime kwa geji ya waya wa duara, siyo ile ya sarafu inayosukumwa katikati kwa nguvu. Ukihitaji kurekebisha, pinda ukono wa chini peke yake, taratibu, bila kuegemea ncha. Kipimo ni kile cha kitabu cha pikipiki husika. Usikisie kwa kucha.

Kufunga: anza kwa mkono mpaka washa, ile pete ya chuma ya plagi, iguse, halafu spana kwa kiasi kinachoonyeshwa kwenye mchoro wa boksi. Plagi iliyokwisha kutumika hukazwa kidogo kuliko mpya, kwa kuwa washa yake imeshabanwa.

Vijana huniuliza kama waziweke plagi chakavu wauze madini. Ni kweli iridiamu ni adimu. Nyingi hutoka Afrika Kusini, ikichimbwa pamoja na platinamu. Lakini kwenye plagi moja ni chembe iliyochomelewa juu ya nikeli, hailipi hata nauli ya kwenda Mtwara. Wengine wameogopa baada ya kusikia kuwa wakaguzi wa mabomba hutumia iridiamu yenye mionzi. Hiyo ni iridiamu-192, hutengenezwa kwenye kinu cha nyuklia. Ya plagi haina mionzi, ishike bila hofu.

Ila ikikuponyoka ikadondoka sakafuni, hata kama kwa macho inaonekana nzima, usiifunge. Kauri ya ndani huweza kupasuka pasipoonekana, na dereva atakuja kuzimikiwa usiku akiwa na abiria.