Paipu za breki za nyuma kwenye gari la kuunga

Mtu akiniletea gari la kuunga nilikague, bodi siitazami. Nalala chini na tochi nitafute paipu ya breki inayokwenda nyuma. Huku Mbeya magari haya tunayajua: chesisi ya Land Rover ya zamani, injini na difu za Toyota, bodi ya kuchomelea mtaani, kisha linatumwa Kikondo kubeba viazi. Likirudi na magunia yake linateremka na matope, mawe na mashimo, na paipu ile ndiyo iko chini huko.

Kwanza, usiwe na haraka. Paipu ya breki inafungwa mwisho, baada ya egzosi, tangi na propela shafti kukaa mahali pake. Ukiitanguliza, fundi wa egzosi atakuja kupitisha bomba lake palipobaki, na palipobaki ni kando ya paipu yako. Joto likichemsha mafuta ya breki, mvuke unaingia kwenye paipu na pedali inazama hadi chini. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi. Ikishanyonya unyevu inashuka hadi karibu 140. Basi chagua upande usio na egzosi. Ukikosa, weka bati la kukinga joto katikati.

Paipu ilale ubavuni mwa chesisi, upande wa ndani, juu ya ukingo wa chini, ili jiwe lipige chuma kwanza. Kabla ya kukunja paipu yenyewe, chukua waya wa kufungia nondo, ukunje kufuata njia yote, ndipo uhamishe umbo lile kwenye paipu. Tumia paipu ya chuma ya breki au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ya milimita 4.75. Kuna watu wanafunga paipu ya shaba ya friji kwa sababu inakunjika kwa mkono. Inakunjika, ndiyo, lakini mtikisiko unaifanya ngumu hadi inapasuka, na ukikanyaga breki kwa nguvu ndani yake shinikizo linaweza kupita bar 70. Mimi gari lenye paipu ya friji silitoi gereji. Klipu weka kila baada ya sentimita 30 hivi, na kila tundu inamopita paipu livalishwe mpira.

Sasa njoo kwenye ekseli, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Chesisi inakaa, ekseli inapanda na kushuka, na kinachounganisha hivyo viwili ni mpira mmoja wa breki. Usiupime gari likiwa limesimama chini. Inua chesisi kwa jeki, weka stendi, acha ekseli ining'inie hadi springi zifike mwisho. Mpira uwe bado na ulegevu kidogo. Kisha fanya kinyume chake: pakia mzigo hadi ekseli ipande kabisa, uchungulie kama mpira unagusa springi, propela shafti au egzosi. Mstari uliochorwa kwenye mpira usijisokote. Ukijisokota, legeza nati uukaze upya. Toka kwenye mpira ingia kwenye T iliyofungwa juu ya ekseli, paipu moja kila upande, zikipita juu au nyuma ya ekseli, kamwe si chini, wala zisibanwe na yubolti, zile bolti zinazofunga springi kwenye ekseli.

Nati za paipu nazo zina mtego. Nati ya Toyota ni milimita 10, ya baadhi ya magari ya Kiingereza ni inchi 3/8. Ya 3/8 inaingia kwenye tundu la 10, inazunguka na hata kukaza, lakini meno yameshika kidogo tu. Siku ya breki ya ghafla itachomoka. Pima kwa kaliba, usiamini mkono. Na nati uivalishe kabla ya kutanua mdomo wa paipu.

Ikiwa pikapu uliyotoa difu ilikuwa na vali ya kupima mzigo, ile yenye fimbo inayoungana na ekseli, ichukue na fimbo yake. Bila hiyo, gari tupu linaweza kufunga matairi ya nyuma kwenye lami ya mvua.

Kutoa upepo kwenye breki anza tairi la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kijana akandamize pedali kwa nguvu aishikilie, wewe pitisha karatasi kavu kwenye kila nati. Ikilowa hata kidogo, gari halitoki. Jaribu kwanza kwenye tambarare kabla ya kulipeleka mteremko wa Iwambi. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, lala tena chini: palipong'aa kwenye paipu ndipo inapokwaruzwa. Hamisha klipu.