Kupunguza Uzito kwa Chakula cha Nyumbani: Kuchagua Njia Utakayodumu Nayo

Karibu kila njia inayokupunguzia chakula itashusha mzani katika wiki sita za mwanzo, iwe ni kuacha ugali, kufunga nusu siku au kula mayai matupu. Tofauti hujitokeza mwezi wa nane tangu uanze, baada ya harusi mbili, msiba mmoja na miisho kadhaa ya mwezi yenye mfuko mtupu. Kwa hiyo chagua njia ukiwa unautazama mwezi wa nane.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Christopher Gardner, walitoa matokeo ya watu wazima 609. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine lilipunguza wanga, kwa miezi 12. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti ndogo mno kuweza kusema njia moja imeshinda. Lakini ndani ya kila kundi wapo waliopungua karibu kilo 30 na wapo walioongezeka. Kinachoamua zaidi, basi, ni kama njia inaingia kwenye maisha ya anayeifuata.

Anza na zahanati

Pima presha na sukari kabla ya kubadili chochote. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi akipunguza wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa kadiri uzito unavyoshuka. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi huongeza uzito: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na ARV zenye dolutegravir. Usiache dawa yoyote kati ya hizi kwa uamuzi wako mwenyewe. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, aliye chini ya miaka 18 na aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula au kujitapisha wasifuate mpango huu bila mtaalamu. Na kama unapungua bila kujaribu, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Nenda ukapimwe.

Lengo lipatikane kwa hesabu

Chukua mfano wa mama wa miaka 40, urefu mita 1.62, uzito kilo 92. BMI yake, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 35. Chati ya ukutani itamtaka awe na kilo 65 hivi, yaani apunguze zaidi ya 26. Akianza na lengo hilo, baada ya miezi mitatu ya kazi nzuri atajiona ameshindwa.

Lengo lake la kwanza liwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito alionao: kilo 4.6 hadi 9.2, kwa miezi sita mpaka tisa. Kiasi hicho kinaonekana kidogo kwenye kioo, lakini mwilini kina kazi kubwa. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari ulionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo, walipopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuugua ilishuka kwa asilimia 58 katika muda wa karibu miaka mitatu. Kwa mama wetu, asilimia 7 ni kilo 6.4.

Kasi ya kutarajia ni nusu kilo kwa wiki mwanzoni, halafu robo kilo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati ya takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku unapata 3,500 kwa wiki, karibu nusu kilo. Anayekuahidi kilo 10 kwa siku 10 hawezi kuwa anazungumzia mafuta. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji, karibu gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, na ukibana wanga maji hayo hutoka kwanza. Ndiyo maana wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili, na ndiyo maana zinarudi baada ya sahani mbili za pilau. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki nyingi mfululizo, huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kibofu cha nyongo na hula misuli.

Maswali ya kuichuja njia

Je, familia nzima inaweza kula kutoka sufuria moja na wewe, kwa kubadili kiasi tu? Njia inayokulazimisha upike chungu chako peke yako hufa mara nyingi. Je, vyakula vyake vinapatikana sokoni kwako miezi yote na kwa bajeti ileile? Parachichi na samaki kila siku ni mpango mzuri kwa baadhi ya watu na mpango wa wiki mbili kwa wengine. Unaweza kuifuata kwa mama ntilie, safarini, Ramadhani na kwenye sherehe? Na je, imekataza kundi zima la chakula unachokipenda? Ukijiona unahesabu siku zilizobaki ili urudi kwenye chapati, hiyo si njia yako.

Kufunga kwa saa 16 kunawafaa wasiopenda kifungua kinywa na wanaokula usiku kwa mazoea, maana kunafunga mlango wa jikoni saa mbili usiku. Hakuwafai wanaofungua kwa kufidia. Yaleyale hutokea Ramadhani: mtu anafunga kutwa, kisha futari ina viazi vitamu vya nazi, tambi za sukari, kaimati na uji mzito, na daku juu yake. Nyama ya nazi moja iliyokomaa ina mafuta zaidi ya gramu 100, na mengi huingia kwenye tui, hasa tui zito. Tumia tui jepesi, chagua kitu kimoja kitamu kwa jioni badala ya vyote, na mwezi utaisha hujaongezeka.

Kupunguza wanga kunasaidia sana wenye sukari ya juu. Kuuondoa kabisa katika nyumba inayokula ugali au wali mara mbili kwa siku ni kujitafutia vita na watu wako. Kwa wengi, ushauri wangu ni kubaki na mlo wa nyumbani na kubadili vipimo vinne: mafuta, sukari, wanga na kitoweo.

Jikoni

Mafuta ndiyo yanayofichika zaidi, kwa hiyo anzia hapo. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Kumimina moja kwa moja kutoka dumuni ni kazi ya sekunde mbili na hutoa vijiko vinne au vitano. Nunua lita moja na uandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoifungua. Lita nzima ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki moja, kila mmoja amekula karibu kalori 290 kwa siku za mafuta peke yake. Ikifika siku 12, ni 170. Hapo umeokoa kalori 120 kwa kila mtu bila kupunguza hata tonge moja. Njia ya kufika huko: pima kwa kijiko, kaanga kitunguu kwa vijiko viwili kwa sufuria nzima, na kikianza kushika ongeza maji kidogo badala ya mafuta. Nyanya zikiiva vizuri kwa moto mdogo, mchuzi utakuwa mzito wenyewe. Mchicha na sukuma wiki vinahitaji kijiko kimoja tu.

Sukari inafuata. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, lakini kinachochotwa kwa mlima hukaribia 7. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya mlima, ni gramu 60 na zaidi, kalori 240 au 250. Usikate zote siku moja. Toa nusu kijiko kila wiki mbili, na ulimi huzoea. Soda huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50. Juisi ya embe au pasheni iliyotiwa sukari, hata kama imetengenezwa nyumbani, iko humohumo. Bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi, na huleta nyama choma mezani.

Ugali: gramu 100 za unga mkavu zina kalori 350 na ushei, na hutoa bonge linalokaribia ukubwa wa ngumi yako. Wengi hula mabonge mawili hadi matatu kwa mlo. Punguza theluthi moja kwanza, kaa hapo wiki mbili, kisha uangalie mzani. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe na hukaa tumboni muda mrefu zaidi, lakini kalori zao zinakaribiana, kwa hiyo usijiruhusu bonge la ziada kwa sababu ni dona. Kwa wali tumia upawa: pawa mbili zilizosawazishwa, basi. Chapati ya mafuta ina kalori 300 au zaidi, ndiyo sababu supu na chapati mbili asubuhi ni mlo mzito kuliko unavyoonekana.

Nafasi iliyoachwa na wanga lazima ijazwe, la sivyo njaa itakuamsha saa nne usiku. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, bamia, bilinganya, kabichi au kachumbari. Robo iwe protini. Kwa mama wa mfano wetu, gramu 80 hadi 90 za protini kwa siku zinatosha kulinda misuli. Anaweza kuzipata kwa mayai mawili, kikombe cha maharage yaliyoiva, konzi ya dagaa wakavu, kipande cha samaki au kuku na glasi ya mtindi usio na sukari, pamoja na kidogo kinachotoka kwenye nafaka. Dagaa na maharage ndiyo protini ya bei nafuu zaidi sokoni, na ni nzuri kweli.

Kwa mama ntilie sema wazi: "Ugali nusu, mboga za majani mara mbili, mchuzi kidogo." Chipsi mayai iwe ya mara chache. Sahani moja inaweza kubeba kalori 800 au zaidi.

Mzani na futi

Jipime asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula wala kunywa, ukiwa na nguo nyepesi, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya chumvi, hedhi na choo, hivyo namba ya siku moja isikutie furaha wala huzuni. Jipime mara tatu kwa wiki, chukua wastani, linganisha na wastani wa wiki nne zilizopita. Kama huna mzani, wa famasi unatosha, ila uwe uleule kila wiki. Ongeza futi ya fundi cherehani: zungusha kiunoni, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, mafuta ya tumboni yamekuwa mengi.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Nusu saa ya kutembea haraka hutumia kalori 150 hivi, chini ya soda moja ya nusu lita. Faida yake ni kulinda moyo na kuzuia uzito usirudi, kwa hiyo lenga dakika 150 kwa wiki. Ongeza siku mbili za kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta na kubeba ndoo, ili kinachopungua kisiwe misuli.

Mzani ukigoma

Utagoma, mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa nane tangu uanze. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo: mama wetu akifika kilo 82 anahitaji takriban kalori 140 pungufu kwa siku kuliko alipoanza, na mwili hubana matumizi zaidi ya hapo, huku njaa ikiongezeka. Kabla ya kukata chakula tena, angalia tarehe kwenye chupa ya mafuta na uandike kila kinachopita mdomoni kwa siku saba, pamoja na mabaki ya sahani ya mtoto. Kama kila kitu kiko sawa, kaa kwenye uzito huo miezi miwili au mitatu. Kukaa bila kupanda ni mafanikio, na baada yake unaweza kuanza awamu ya pili.

Kutakuwa na maneno pia. Kwetu mtu akipungua huulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Andaa jibu fupi: nimepunguza mafuta na sukari, vipimo vyangu viko vizuri. Ukibishana kila mara utachoka.

Chai za kupunguza tumbo mara nyingi huwa na sena, ambayo huharisha tu. Unapoteza maji na potasiamu. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo. Ndimu na maji ya moto hayayeyushi mafuta. Sindano za semaglutidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, zinafanya kazi kweli: katika utafiti wa 2021 zilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na walioziacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Ni matibabu ya muda mrefu chini ya daktari, si ya kununua kwenye kundi la WhatsApp.

Ukifika kwenye lengo, endelea kujipima mara moja kwa wiki. Wastani ukipanda kilo mbili, rudi kwenye kijiko na upawa kwa wiki mbili hadi ushuke. Ukipanda kilo tano ukiwa unafuata vipimo vilevile, rudi zahanati na orodha ya dawa zako.