Landilodi amekalia diposti yako? Hatua za kufuata mpaka Mahakama ya Madai Madogo

Mimi ni paralegali hapa Nairobi, nasaidia wapangaji, na kilio ninachosikia zaidi ni hiki cha diposti. Mtu ameingia nyumba akalipa elfu 25, amekaa miaka 3 hajachelewesha renti hata mwezi mmoja, siku ya kutoka anaambiwa "tutakupigia", na hakuna anayepiga. Wengi wanaachilia. Tafadhali usiachilie, hiyo ni pesa yako. Polisi watakwambia deni si kazi yao na ni kweli, lakini tangu 2021 tuko na Mahakama za Madai Madogo, zinasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, wakili si lazima, Kiswahili kinaruhusiwa, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Hatua ya 1: Siku ya kuhama

Hapa ndipo unashinda kesi ama unaipoteza, kwa hivyo tulia nami kidogo. Toa notisi kwa maandishi, kama agrimenti inasema mwezi mmoja basi iwe mwezi mmoja, tuma wasap na emaili, usimwambie tu keteka pale geti ukidhani imefika. Ukitoka bila notisi umempa landilodi sababu ya kukata.

Alafu kabla hujarudisha funguo, nyumba ikiwa tupu, chukua video. Anza mlangoni, ingia chumba kwa chumba, washa kila taa, fungua kila bomba, flashi choo, onyesha vioo, kufuli, soketi, na namba kwenye mita ya maji. Kuna mama nilimsaidia alitumiwa bili ya 8,500 ya sinki eti inavuja. Tukafungua video yake, amefungua bomba mpaka mwisho, ameweka kiganja chini ya sinki amekishikilia hapo, alafu anakileta karibu na kamera, kikavu kabisa. Tulituma hiyo video na bili ya sinki haikutajwa tena.

Soma pia agrimenti inasema nini kuhusu rangi. Kama ulisaini kwamba utapaka ukitoka, basi paka, au kubali ikatwe lakini uonyeshwe risiti. Kuchakaa kwa kawaida, kama rangi kufifia baada ya miaka, si uharibifu.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi

Agrimenti, risiti ya diposti, meseji za M-Pesa, wasap zote na landilodi au keteka. Kama ulifuta meseji usijali, piga *334# uombe statimenti, ile ya kitambo sana uliza duka la Safaricom. Hujapewa agrimenti yoyote? Bado una kesi, malipo na meseji zinaonyesha mlikubaliana. Kwa madai ya mkataba sheria inakupa miaka 6, lakini usingoje maana watu huuza ploti na keteka hubadilishwa.

Hatua ya 3: Jua unamshtaki nani

Hapa watu wengi huteleza. Jina lililoandikwa pale juu ya geti si mtu, huwezi kushtaki flati, na keteka yeye ameajiriwa tu. Angalia jina lililo kwa agrimenti, kwa risiti, na jina lililotokea kwa simu ulipotuma pesa. Kama ni ajenti alipokea, weka ajenti na landilodi wote wawili, la sivyo kila mmoja atasema pesa iko kwa mwingine. Kama ni kampuni, fanya sachi kwa eCitizen upate jina lake kamili vile limesajiliwa.

Hatua ya 4: Barua ya kudai

Fupi, bila matusi hata kama umekasirika (najua umekasirika). Mfano:

"Nilikuwa mpangaji wako nyumba namba B7. Nilikulipa diposti ya Sh 25,000 nikiingia. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja, nikahama na kurudisha funguo tarehe 30. Sina deni la renti, maji wala stima. Naomba unirejeshee Sh 25,000 kwa namba hii ndani ya siku 14, la sivyo nitaenda Mahakama ya Madai Madogo bila kukuandikia tena, na nitadai pia riba na gharama."

Tarehe uweke kamili, pamoja na mwaka. Nimeona barua kama hii ikileta pesa wiki hiyo hiyo, kwa sababu sasa anajua unajua.

Hatua ya 5: Fungua kesi

Siku 14 zikiisha, nenda mahakama ya eneo anakoishi au mlikofanyia mkataba. Ziko Milimani, Kasarani, Nakuru, Mombasa, Kisumu na kwingine. Unajaza fomu ya madai, unaambatisha ushahidi, unafaili kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama na ada unalipa kwa simu. Kama kompyuta inakusumbua, watu wa rejista au saiba wa karibu watakuonyesha.

Ukishafaili ni jukumu lako kumfikishia hati landilodi, hata kwa wasap inakubalika, lakini hakikisha ni namba anayotumia na uhifadhi skrinshoti, alafu ufaili kiapo cha kuthibitisha amepata. Bila hicho kiapo, hata akinyamaza kabisa hutapewa uamuzi.

Hatua ya 6: Siku ya kusikizwa

Mara nyingi ni kwa linki ya video mtandaoni, kwa hivyo weka bando na ukae mahali hakuna kelele. Mwamuzi wa hapo hafungwi sana na zile kanuni ngumu za ushahidi, ongea kama unavyomweleza mtu mzima unayemheshimu: nililipa lini, nilitoka lini, nadai ngapi. Usianze hadithi ya vile keteka alikuwa anakuangalia vibaya.

Mara nyingi landilodi hapo hapo anasema atalipa pole pole. Ukikubali, makubaliano yaandikwe na yaingizwe kwa faili kama amri ya mahakama, yakiwa na tarehe na kiasi cha kila mwezi. Akikosa hata mwezi mmoja, unarudi na faili ile ile kuomba utekelezaji, huanzi upya.