Baa imejaa lakini kopi haijaisha, usichomoe flashi kwanza

Juzi namkopia dada mmoja video ya sendofu kwenye flashi, faili la MB 700, mashine yangu ni Linux yenye RAM, yaani memori ya muda, ya GB 8. Baa, ule mstari unaoonyesha kopi imefika wapi, ikaruka, sekunde mbili tatu imejaa, nikasema hee flashi hii balaa, nikachomoa nikampa. Kafika kwake video inacheza mwanzo tu inaganda. Flashi haikuwa na kosa, kosa langu.

Iko hivi, ukikopi kwenye Linux data inaingia kwanza kwenye RAM halafu inashushwa kwenye flashi taratibu kwa nyuma, sasa baa inahesabu kilichoingia RAM tu, sawa na kuli aliyebwaga magunia getini anadai hela yake na stoo iko kule ndani. Kawaida mfumo unaruhusu mpaka kama asilimia 20 ya memori iliyo wazi ijae data ambayo bado haijashuka, kwa hiyo kwenye GB 8 hizo MB 700 zinamezwa zote chap. Flashi za bei poa nyingine zinaandika MB 5 tu kwa sekunde, piga hesabu, hiyo ni sekunde 140. Faili likiwa kubwa zaidi ndo utaona baa inakimbia kama kichaa halafu inagoma njiani, RAM imejaa inasubiri flashi.

Cha kufanya, baa ikijaa bonyeza ile alama ya kutoa flashi usubiri ikwambie tayari, au fungua taminali uandike sync ubonyeze enter, isiporudi maana yake kazi bado inaendelea, tulia. Ukitaka kuona kwa macho yako andika:

watch grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo

Namba ya Dirty (data inayosubiri kushuka) na ya Writeback (inayoshuka sasa hivi) zikishuka karibu na sifuri, chomoa. Na kama unataka baa iache uongo, punguza kile kiasi cha data kinachoruhusiwa kusubiri kwenye RAM:

sudo sysctl vm.dirty_background_bytes=16777216
sudo sysctl vm.dirty_bytes=50331648

Hapo umeiambia isilimbikize zaidi ya MB 48. Ukizima mashine inarudi ilivyokuwa, mi naona ni vizuri hivyo, ujaribu kwanza.

Windows tangu toleo la 1809 la Windows 10 flashi huwa imewekwa uchomoaji wa haraka, yaani data hailimbikizwi kwanza, kwa hiyo uongo huu umepungua, huko kinachosumbua ni ule muda uliobaki, mara dakika 2 mara saa nzima. Mara nyingi ni folda lenye picha ndogondogo elfu kadhaa, kila faili lina usajili wake na antivairasi nayo inataka kulikagua, we zipu folda lote liwe faili moja ndo ukopi. Ila zip ikizidi GB 4 na flashi imefomatiwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 itakataa hata kama nafasi ipo, hapo hamisha vitu vyako kwanza, ifomati iwe exFAT.