Pevingi mpya zimetoa weupe? Usimwage maji kwanza
Pevingi (vitofali vya saruji vya kutandaza chini) za uani kwangu hazikumaliza hata mwezi, zikatoa unga mweupe kama zimemwagiwa sembe. Ukiona hivyo, acha ndoo. Chukua brashi ngumu ya nailoni (ya waya itazikwangua na kuacha kutu), sugua zikiwa kavu kabisa, zoa unga wote ukatupe. Ile ni chokaa ya saruji iliyopandishwa na unyevu. Ukiimwagia maji kidogo inazama, zikikauka inarudi juu. Utarudia mara mbili tatu, hasa baada ya mvua. Kusugua hivi hakusaidii kama ni saruji aliyodondosha fundi: lowesha kipande kimoja, doa likibaki vilevile, hilo ni la fundi. Na panapotuama maji, weupe utarudi tu mpaka urekebishe mteremko.